Mvua ya Majita

Gari letu la safari lilikuwa Haisi kuukuu iliyostaafu kubeba abiria. Fundi mmoja wa Nyasho aling'oa viti vya nyuma, akapigilia kitanda cha mbao, akaweka godoro, kabati la vyombo, dumu la maji na jiko dogo la gesi lililofungwa kwa mkanda lisiyumbe kwenye mashimo. Kwa Wazungu gari la namna hii ni la kawaida. Mtu hulala ndani yake akiizunguka pwani nzima ya nchi yake. Kwetu bado ni kitu cha kuulizwa. Kila tuliposimama watu walitaka kujua kama tumekuja kuchanja watoto, kama tumebeba msiba, au kama tunauza dawa za minyoo.

Mimi na mdogo wangu tulitoka nalo Kamunyonge tukiwa na nia moja tu, kuliandama ziwa: Mugango, Majita, kisha kuzunguka hadi Bunda na kuteremka Kisorya, na kila usiku tulale mahali ambapo mlango ukifunguliwa maji yanaonekana. Musoma iko upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, kwa hiyo jioni jua linazama majini mbele ya macho yako, katikati ya mawe makubwa yaliyopangana ufukweni. Tumekua tukiliona jua hilo bila kulilipia.

Uchungu ulianza mapema, kabla hata hatujauacha mji. Jioni ya kwanza tulitafuta mahali pa kuegesha karibu na maji, tukakuta ukuta. Tukasogea mbele, tukakuta geti na mlinzi. Penye geti jingine tulielezwa kiingilio, kisha tukaambiwa kwamba hata tukilipa, kulala ndani ya gari hakuruhusiwi. Pengine uzio ulikuwa umeingia majini kabisa, nguzo zake zinapigwa na mawimbi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema, katika kifungu cha 57, kwamba shughuli za kudumu za binadamu zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mita 60 si kidogo. Ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Uzio unaoingia majini unanikera, na sitachoka kusema hivyo. Mtoto wa Kamunyonge anayetaka kukaa kwenye jiwe na kutazama maji hapaswi kuomba ruhusa kwa mlinzi.

Tulilala uani kwa shangazi, na kesho yake tukaondoka. Mugango palikuwa na mbu.

Majita ni nchi nzuri. Barabara ya Makojo na Busekera inaliacha ziwa na kulirudia, mara unaliona kati ya mihogo, mara unalikuta chini yako limetulia na visiwa vyake. Kwenye mwalo mmoja, ambao sitautaja kwa sababu watu wake hawakuomba kuandikwa, tulimtafuta mwenyekiti wa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi wa mahali pale, tukamweleza shida yetu. Hakuuliza mengi. Alituonyesha mkuyu mmoja juu kidogo ya mchanga, akasema tuegeshe hapo, tusiwashe moto karibu na mitumbwi, na tukienda haja twende kwenye choo cha mwalo. Hakudai hata shilingi. Mdogo wangu alifungua mlango wa pembeni, na ziwa lote likaingia ndani ya gari. Nikasema, hapa ndipo tulipopataka.

Mbele yetu, kuanzia kwenye mkuyu hadi karibu na maji, walikuwa wameanikwa dagaa. Walikuwa wametandazwa juu ya nyavu zilizochakaa, eneo kubwa, wanang'aa kiasi cha kuumiza macho. Akina mama walipita katikati yao na mafagio wakiwageuza, watoto wakiwafukuza kunguru na yangeyange kwa vijiti. Harufu ilikuwa kali, lakini upepo ulitoka ziwani na kuipeleka nyuma yetu, hivyo tulistahimili. Tulipika chai. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, vuli bado haijaanza, na mbingu ilikuwa safi.

Alasiri wingu lilitokea upande wa visiwa. Sikulitilia maanani. Mama mmoja aliyekuwa ameinama alinyanyuka, akalitazama mara moja, akapiga ukelele, na mwalo wote ukageuka. Waliacha mafagio, wakashika nyavu kwenye pembe, wakazikunja dagaa wakiwa ndani, wakaanza kuburuta. Turubai lilikuwa moja tu pale, nalo lilikuwa la tajiri mwenye mitumbwi, likafunika mali yake. Upepo ulipiga ghafla, mchanga ukaturukia. Kabla sijaelewa, mlango wa gari letu ulivutwa hadi mwisho na furushi la kwanza likatua juu ya godoro.

"Mama, hapana!" mdogo wangu alisema. "Hili ni gari la kulala!"

"Mvua ikikatika utalala, baba," alijibiwa, na furushi la pili likaingia.

Hawakuomba, na hilo liliniudhi. Niliona maji ya dagaa yakichuruzika kwenye shuka, magamba yakigandamana kwenye mto wangu, nikaanza kufikiri jinsi tutakavyolisafisha gari lile, na kama harufu ile itakuja kutoka. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema neno kali. Kisha mvua ikashuka, si kwa matone bali kwa mkupuo, nikawaona wengine waliokuwa hawajamaliza wakiburuta nyavu kuelekea kwenye miti huku maji yakipita chini yake na kubeba dagaa kuwarudisha ziwani. Nilishuka. Mdogo wangu alishuka pia, bila kuambiwa, akashika pembe ya wavu na binti mmoja. Tulipakia hadi gari likajaa mpaka usawa wa madirisha.

Akina mama wengine walikimbilia kwenye kibanda cha nyasi. Mama yule aliyeliona wingu alibaki nasi kwenye viti vya mbele, ameketi katikati, kanga yake inatiririka maji.

"Shikamoo mama," nilimwambia, maana salamu ilikuwa bado.

"Marahaba, mwanangu. Mtusamehe. Tungeanza kuongea, wangekuwa wamekwisha."

Mvua haikukatika upesi, na sisi hatukuwa na pa kwenda, kwa hiyo tuliongea. Nilimuuliza hasara ya mvua kama hii ni ya nani. Alicheka kidogo, akasema ni yake yote. Dagaa huvuliwa usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, sasa ni taa za betri zinazoelea juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu hakuna kazi, kwa sababu dagaa hawaufuati mwanga wa taa, na kambi nzima hulala. Mitumbwi inarudi alfajiri, akina mama wanapimiwa kwa ndoo. Yeye huchukua kwa mkopo kutoka kwa tajiri na hulipa akishauza. Jua likiwaka vizuri, siku moja inatosha kuwakausha. Mvua ikinyesha, dagaa wanachacha, wanageuka rangi, na mnunuzi wa chakula cha binadamu hawataki tena. Anayebaki ni mnunuzi wa chakula cha kuku, naye hutaja bei anayotaka.

"Na deni la tajiri?"

"Deni halilowi," alisema.

Nilimuuliza kwa nini wasitumie chanja, zile meza za miti zenye wavu juu, kwani nimeziona mahali pengine. Dagaa wa chanjani hawana mchanga, hupigwa upepo juu na chini, na wavu wake huweza kufunikwa haraka. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hali nyama kila siku. Walifundishwa habari za chanja, alisema, walikuja watu na karatasi. Walijenga chache kwa miti waliyokata wenyewe, mchwa wakala miguu. Miti imekuwa ghali na ya mlimani inakatazwa kukatwa. Isitoshe, mahali pa kuzisimika pamepungua. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda kufikia kina ambacho halikuwa limefikia tangu 1964, mchanga wao mpana wa kuanikia ulienda na maji, pamoja na vibanda na choo cha zamani. Maji yalipopungua walirudi, lakini si kwa upana ule.

"Ule mkuyu mlipoegesha," alisema, "ulikuwa mbali na maji. Watoto walikuwa wanachoka kabla hawajafika."

Mdogo wangu, aliyekuwa amenyamaza muda wote akipangusa kioo, aliuliza mbona viwanda vya samaki vina barafu, magari ya baridi na wakaguzi, na wao hawana hata bati.

"Vile ni vya sangara, baba. Sangara ana kiwanda, ana barafu, ana cheti cha kwenda Ulaya. Dagaa ana jua peke yake."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Alipandikizwa miaka ya 1950, akawamaliza furu wa aina nyingi ambao wazazi wetu waliwala utotoni mwao, na kwa miongo kadhaa akawa ndiye samaki wa mipango, wa takwimu na wa hotuba. Dagaa alinusurika. Ndiye anayeliwa Dodoma na Tabora, ndiye anayevuka mpaka kwenda Kongo na Zambia kwa magunia, ndiye anayewekwa kwenye uji wa mtoto aliyedhoofu. Na kati ya samaki huyo na kuharibika hakuna kitu chochote isipokuwa macho ya mama anayelitazama wingu.

Giza lilipoingia aliniuliza, kwa upole tu, sisi tunatafuta nini huku.

"Tunalitazama ziwa, mama. Tunatembea tukilitazama."

"Mmeliona?"

Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa akaridhika, kisha akaanza kutueleza mahali pazuri zaidi mbele, penye mawe na mchanga mweupe, ambapo hapana mamba. Alitueleza kwa makini, na alituonya kuhusu viboko wanaotoka usiku kula majani. Nilikuwa nimejiandaa kudharauliwa kwa safari yetu, naye alikuwa anaitakia heri.

Usiku huo tulilala tumeketi, magoti kwenye usukani na dashibodi, dagaa wakiwa na kitanda. Sijawahi kuvuta harufu nzito namna ile. Iliingia kwenye nywele, kwenye mkate, kwenye ladha ya maji. Alfajiri jua lilitoka safi na akina mama wakaja kuchukua mali yao. Mama yule aliingiza mkono katikati ya furushi lake, akatoa konzi moja ya dagaa, akawanusa, akawatandaza kiganjani. Wa juu walikuwa wazima. Wa katikati matumbo yalikuwa yamepasuka na rangi imekuwa ya udongo. Aligawa marundo mawili, na rundo la kuku lilikuwa kubwa zaidi. Hakulalamika. Alifunga kanga, akachukua ufagio. Tulinunua kwake sado moja ya waliokuwa wamebaki kutoka juzi, wakavu, kwa bei aliyoitaja.

Butiama tulisimama Mwitongo, kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere. Bunda tulijaza mafuta. Tulikuwa tumeoga na kufua kila kitu kinachofulika, na mdogo wangu alikuwa ameshapiga sakafu ya gari kwa sabuni ya unga mara nyingi, lakini tulipokuwa njiani kuelekea Kisorya, kwenye kizuizi kimoja cha ushuru, kijana mwenye daftari hakuhitaji kuuliza. Alisogea dirishani, akavuta pumzi, akasema tufungue nyuma.

"Mmebeba dagaa. Risiti ya ushuru iko wapi?"

Tulimfungulia. Alikagua chini ya kitanda, akakuta sado yetu na dagaa waliokauka kwenye pembe za mbao, ambao hatukuweza kuwafikia. Tukamweleza kisa. Alisikiliza mpaka mwisho, tena kwa heshima, akacheka pale tulipofikia mahali pa kulala tumeketi, akatuambia tuendelee na safari. Magunia, alisema, ndiyo anayotoza. Sado ya mboga hana haja nayo.

Kabla hatujawasha gari nilimuuliza kama fedha inayotozwa kwenye magunia hayo huwa inarudi mwaloni, hata kama bati, hata kama nguzo za chanja zilizopakwa dawa ya mchwa. Alifunga daftari lake. Alisema hilo si la kiwango chake, niwaulize wakubwa.

Basi nawauliza. Wapo wanaokaa ofisini Musoma, Bunda na Butiama, na wanaujua mwalo ninaousema hata bila jina, kwa sababu mialo mingi inafanana. Paa moja la bati lenye nguzo za chuma, lisilo na kuta, linalotosha akina mama wote wa mwalo kusukumia humo nyavu zao wingu likitokea, lingegharimu kiasi gani? Na kwa nini halijajengwa, wakati ushuru umekuwa ukilipwa miaka yote hii? Vuli inaanza Oktoba.