Imeandikwa Hapo Ukutani

Ninaandika kutoka Wabera, hapa Isiolo mjini. Leo naweka msimbo kando kidogo tuzungumzie jambo linalowaudhi mafundi wa kompyuta kuliko virusi: mtu anayeuliza swali ambalo jibu lake limeandikwa mbele ya macho yake.

Mtu huyo unamjua. Bango linasema fomu zinapokewa hadi saa kumi jioni, naye anasimama kando ya bango hilohilo na kuuliza, "Samahani, mnafunga saa ngapi?" Skrini ina kitufe kimoja tu kilichoandikwa "Endelea", naye anageuka na kukuuliza, "Sasa hapa nifanye nini?" Hata katika mtihani yupo. Karatasi ya insha ya KCSE huanza na maagizo kwamba insha ya kwanza ni ya lazima, kisha uchague nyingine moja. Muulize mwalimu yeyote wa Kiswahili kama hajawahi kusahihisha kazi ya mwanafunzi aliyeiruka ile ya lazima.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Nimepanga meza ya pembeni katika saiba ya rafiki yangu kwa sababu ya umeme na intaneti. Lakini ukikaa saiba, kwa majirani wewe ni "yule wa kompyuta" tu, na maswali yatakufikia hapo hapo ulipo. KRA, HELB, pasipoti, leseni ya udereva, cheti cha kuzaliwa. Kumbuka kwamba eCitizen ilianza mwaka 2014, na ilipofika 2023 serikali ilitangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 zimeingizwa mtandaoni. Yaani ofisi imehamia saiba, ila karani wa kuulizwa hakuja nayo.

Sheria ya mafundi

Sisi watu wa programu tuna sheria yetu ya zamani kuhusu jambo hili. Imefupishwa kwa herufi nne za Kiingereza, RTFM, ambazo kwa heshima yenu nitazitafsiri kuwa "soma ule mwongozo". Herufi ya tatu tuiache kama ilivyo. Mwaka 2001 Eric Raymond na Rick Moen waliandika mwongozo mzima wa namna ya kuuliza maswali. Ushauri wao kwa ufupi ni huu: kabla ya kuuliza, tafuta, soma, jaribu mwenyewe. Ukishauliza, eleza ulichokwisha kujaribu.

Nauunga mkono ushauri huo. Anayejibu bure anatoa dakika zake, na dakika hazirudi. Ukiniuliza kitu kilichoandikwa mstari wa kwanza, umeokoa nusu dakika yako kwa kuchukua dakika tano zangu. Watu ishirini wakifanya hivyo kwa siku moja, programu ya mteja wangu haitakwisha wiki hiyo. Na anayeumia zaidi ni yule wa ishirini na moja, aliyekuja na tatizo la kweli ambalo halijaandikwa popote, akanikuta nimechoka.

Hapo ndipo wengi wetu huishia. Tunasema watu hawasomi, ni wavivu, basi. Mimi siishii hapo.

Si Isiolo peke yake

Kwanza, tusijidharau. Mwaka 1987 watafiti John Carroll na Mary Beth Rosson, waliokuwa wakifanya kazi IBM huko Marekani, walieleza tabia waliyoiona kwa watu wanaojifunza kutumia kompyuta. Watu wale walikuwa na vitabu vya maelekezo mezani, na kama wangevisoma wangeokoa muda baadaye, lakini walianza kubonyeza papo hapo. Walikuja kuandika barua, hawakuja kusoma kitabu. Miaka kumi baadaye, 1997, Jakob Nielsen aliandika kuhusu namna watu wanavyosoma kurasa za intaneti: kati ya aliowapima, asilimia 79 walipitisha macho tu, na asilimia 16 ndio waliosoma neno kwa neno.

Kwa hiyo binadamu ndivyo alivyo. Ana shughuli yake kichwani, na maandishi yako anayaona kama kizuizi njiani.

Pili, huku kwetu kuna sababu nyingine ambazo Carroll na Nielsen hawakuziandikia.

Ya kwanza ni lugha. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Hapa Wabera nyumba moja wanazungumza Kiborana, ya pili Kisomali, na ng'ambo ya barabara ni Kimeru au Kiturkana. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sokoni. Sasa fungua iTax uone. Ni Kiingereza, tena Kiingereza cha wahasibu. Mama aliyesoma hadi darasa la nane anaweza kuyatamka maneno yote ya ukurasa ule na asijue ameambiwa nini.

Ya pili ni ya kiufundi, na huwa nashangaa hatuizungumzii. Watu wengi hapa hupata huduma kwa simu ndogo, kwa zile namba za nyota na reli. Oktoba 2024 NHIF ilipokwisha na SHA ikaanza, wengi walijiandikisha kwa *147#. Ujumbe mmoja wa aina hiyo hauzidi herufi 182. Maelezo yakizidi, yanakatwa au yanasukumwa ukurasa wa pili. Tena una muda mfupi tu wa kujibu. Ukisoma polepole, au ukitafuta miwani, skrini inafunga na unaanza upya. Halafu tunamwambia mzee, "Soma vizuri!" Asome vipi kitu kinachomkimbia? Kuuliza kabla ya kubonyeza ni akili.

Ya tatu ni desturi. Katika nchi ya wafugaji habari husafiri kwa mdomo. Mtu akiingia mjini kutoka Merti au Garbatulla ataulizwa mvua, malisho, maji, na usalama wa njia kabla hajaeleza shida yake. Karatasi ya mwezi jana haiwezi kukuambia nyasi ziko wapi leo. Kwa hiyo aliyezoea hivyo akiona tangazo ukutani, anajiuliza: limebandikwa lini, na nani, na je, bado ni kweli? Wengi wanaouliza "kilichoandikwa" huwa wamekisoma. Wanataka mtu mwenye sura athibitishe. Na kusema kweli, mara ngapi umekuta tangazo limepitwa na wakati?

Tena kuna mambo ambayo hata usome mara mia hutayapata. Kibao cha mtaa kinasema "Wabera", basi. Nairobi pia kuna barabara ya jina hilo, na watu hupita pale kila siku. Ni lazima uulize wazee ndipo uambiwe habari za Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya wa kwanza Mwafrika hapa Isiolo, aliyeuawa Juni 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Kibao kilitunza jina, wazee ndio waliotunza habari.

Gharama za pande zote mbili

Sasa msidhani natetea kutosoma. Asiyesoma analipa, na malipo yenyewe si madogo.

Angalia suala la nenosiri. Mtu anakuja, hataki kuona skrini, anasema, "Nifanyie tu." Mhudumu anamfungulia barua pepe, anachagua nenosiri, anaandika kwenye kijikaratasi. Kijikaratasi kinapotea. Mwaka ujao akitaka pasipoti, ujumbe wa uthibitisho unatumwa kwenye barua pepe ambayo hajui hata jina lake. Wakati mwingine mhudumu aliyeifungua ameshahama mji. Huyo mtu ameacha ufunguo wa nyumba yake kwa mgeni, kwa sababu tu hakutaka kusoma mistari mitatu.

Lakini kuna malipo mengine, na haya ndiyo yaliyonifanya niandike leo. Juni moja, siku za mwisho za kujaza ushuru, alikuja kijana aliyemaliza chuo. Alikuwa amepata kazi, na mwajiri anataka cheti cha KRA kinachoonyesha hana deni. Tulipofungua akaunti yake tukakuta faini. Alichukua PIN akiwa mwanafunzi, ili aombe mkopo wa HELB, kisha akaisahau. Mwenye PIN anatakiwa kuwasilisha ripoti kila mwaka kabla ya Juni 30 kwisha, hata kama hakupata shilingi, na akichelewa faini ni Sh 2,000. Yeye alikuwa na miaka miwili, Sh 4,000.

Nikamuuliza, "Hukuwahi kuambiwa?"

"Kaka, niliona ujumbe kwenye simu, sikuelewa," akasema. "Nikaenda kuuliza mahali fulani, jamaa akaniambia mbele ya watu, 'Wewe si ni msomi wa chuo? Imeandikwa, nenda ukasome!' Niliona haya. Sikuuliza tena."

Aliyemjibu hivyo aliokoa dakika mbili. Kijana amelipa Sh 4,000, na karibu apoteze kazi.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipobadilika. Anayeuliza bila kusoma anakugharimu dakika. Anayeogopa kuuliza hakugharimu kitu, wala humuoni, kwa sababu amekaa nyumbani faini ikipanda. Kila ukimwaibisha yule wa kwanza mbele ya foleni, unatengeneza wale wa pili, na hutajua ni wangapi.

Daftari la maswali

Katika kazi yetu ya programu, mtumiaji mmoja akibonyeza pasipostahili ni bahati mbaya. Wakibonyeza hapo hapo kumi, kitufe kimewekwa vibaya. Hilo ni kosa la programu, linaandikwa na linarekebishwa. Kwa nini maandishi ya ukutani yasichukuliwe vivyo hivyo?

Tukachukua daftari la kurasa 32. Kila swali ambalo jibu lake liko ukutani tuliliwekea kijistari. Baada ya wiki tatu tuliona mambo. Karibu vijistari vyote viliangukia maswali manne tu. Karatasi yenyewe ilikuwa imebandikwa mlangoni, mahali ambapo mtu anapita akiwa na haraka, ilhali kwenye benchi la kusubiri, anapokaa nusu saa bila kazi, ukuta ulikuwa mtupu. Tena ilianza na "Karibuni wateja wetu wapendwa", na jambo la maana lilikuwa mstari wa saba.

Tukaihamishia mbele ya benchi. Tukaiandika upya kwa Kiswahili, herufi kubwa, mistari mitano, na tarehe ya siku tulipoibandika. Mstari wa kwanza sasa unasema: "Nenosiri lako usimwambie mtu, hata sisi." Vijistari vilipungua. Havikuisha, wala sikutarajia viishe.

Ukitaka mfano mkubwa kuliko saiba yetu, tazama M-Pesa. Ilianza Machi 2007, na tangu hapo watu wameonywa wahakiki namba kabla ya kutuma. Pesa ziliendelea kupotea kwa watu wasiojulikana. Baadaye Safaricom wakaleta Hakikisha, jina la mpokeaji likawa linatokea kabla pesa hazijaondoka. Onyo ambalo watu hawakulisoma likageuzwa kuwa kitu ambacho ni vigumu kutokiona.

Basi tufanyeje?

Wewe unayeuliza: soma kwanza, japo mistari mitatu. Kisha njoo useme, "Nimesoma hapa, nimefika hapa, hapa sijaelewa." Ukiuliza hivyo, hata fundi mwenye hasira atakaa vizuri kwenye kiti. Na kama huna uhakika, uliza tu. Usiende nyumbani na swali lako.

Wewe unayejibu: jibu, halafu onyesha kwa kidole jibu lilipoandikwa, ili kesho aje na swali jipya. Usipandishe sauti. Na hesabu. Swali likirudi mara kumi, shika kalamu urekebishe karatasi.

Wewe unayeandika maelekezo, na hapa nawasema wenzangu wa programu: nenda ukakae saa moja kwenye benchi la saiba yoyote, Isiolo, Garissa au Tandale, umtazame mama mmoja akitumia ulichotengeneza. Usimsaidie. Mtazame tu.

Haya, naishia hapa kwa leo. Kuna mzee amesimama nyuma yangu na simu mkononi tangu aya mbili zilizopita, na skrini yake inakaribia kufunga.