Trela Jipya Lilivyonifanya Fundi

Namshukuru Mungu kwa trela langu, na kwa kasoro zake pia. Zilikuwa kasoro ndogo, zote za ndani, lakini ndizo zilizonifundisha kutunza nyumba kwa mikono yangu mwenyewe. Naandika ushuhuda huu kwa ajili ya wenzangu wanaoishi ugenini na kuhamahama kwa sababu ya kazi, hasa akina dada.

Mimi ni Mtanzania, muuguzi, na naishi Marekani. Kwetu nilikokulia, kazi za nyumba ziligawanywa bila mtu kuulizwa. Kitasa kikilegea, aliitwa kaka. Bomba likivuja, aliitwa fundi. Sisi wasichana tulishika tochi. Nilipofika Marekani mazoea hayo yalipata pa kuendelea, maana nyumba ya kupanga ina msimamizi wake: unapiga simu, unasubiri, anakuja. Miaka ikapita hivyo.

Kisha nikaingia katika uuguzi wa mikataba. Hospitali iliyopungukiwa na wauguzi hukuchukua kwa muda, kwa kawaida wiki 13, na mkataba ukiisha unahamia mji mwingine. Kupanga nyumba kwa muda mfupi ni ghali, ndiyo maana baadhi ya wauguzi wa mikataba hununua trela la kuishi, wakalivuta kwa pikapu na kulipia kiwanja chenye maji na umeme. Nami nikafanya hivyo. Nililinunua jipya kabisa katika jimbo la Indiana, ambako matrela mengi ya Marekani hutengenezwa, hasa kaunti ya Elkhart. Lilikuwa na kitanda, jiko la gesi, sinki, choo, bafu na makabati kila kona. Nikaondoka nalo kuelekea Amarillo, Texas, nikipita St. Louis na Oklahoma City.

Nilipofika na kufungua mlango, kabati la juu ya jiko lilikuwa limefunguka na mlango wake unaning'inia kwa bawaba moja. Droo zilikuwa zimechomoka. Taa ya dari ilikuwa imeshikwa na waya wake tu. Chini ya sinki palikuwa na unyevunyevu. Nikampigia muuzaji. Alinijibu kwa adabu kwamba dhamana ya mwaka mmoja ipo, nilirudishe trela, ila foleni ya matengenezo ni ya wiki nyingi. Sasa ningelala wapi wiki hizo zote? Trela ndiyo nyumba yangu, na kazi ilikuwa inaanza Jumatatu.

Jioni ile nilimpigia mjomba wangu, seremala wa Keko, Dar es Salaam. Nikamwamkia, nikamtumia picha. Akaitazama, akasema: "Mama, skrubu haina kosa. Tundu ndilo limepanuka. Usitafute skrubu nene, itapasua ubao huo. Tafuta njiti, zichovye kwenye gundi ya mbao, uzishindilie humo tunduni mpaka pajae. Gundi ikikauka, kata zilizojitokeza, ndipo urudishe skrubu ile ile. Na uikaze kwa mkono, si kwa mashine."

Nikanunua gundi, njiti za meno na bisibisi. Nikafanya kama alivyosema. Asubuhi yake nilikaza skrubu taratibu, na kwa mara ya kwanza maishani nikasikia kiganjani jinsi skrubu inavyouma mbao. Mlango ukafungika. Niliufungua na kuufunga mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Tangu hapo nikataka kujua kwa nini kitu kipya kinalegea upesi namna ile. Trela linavutwa, kwa hiyo lazima liwe jepesi. Kuta zake za ndani ni plaiwudi nyembamba ya milimita 3 hivi, imefunikwa karatasi ya plastiki yenye sura ya mbao na kushikiliwa kwa gundi na pini. Makabati mengi ni ya mbao laini na chipbodi. Viwandani nako kazi inakwenda mbio: mwaka 2021 peke yake, viwanda vya Amerika Kaskazini vilitoa magari na matrela ya kuishi zaidi ya 600,000, na mafundi wengi hulipwa kwa idadi ya yanayokamilika. Skrubu ikisukumwa kwa mashine kupita kiasi katika mbao laini, tundu linapanuka palepale kiwandani. Barabara humalizia kazi. Nilipoyaelewa haya hasira zilinitoka, nikapata pa kuanzia.

Nilianza kama ninavyompokea mgonjwa wodini: namkagua kichwa hadi vidole na kuandika kabla sijamgusa kwa dawa. Nilisimama mlangoni na daftari, nikazunguka kwa mkono wa kulia, nikifungua kila kabati, nikitikisa kila bawaba, nikiwasha kila swichi. Kwenye matundu ya hewa ya moto sakafuni nilikuta unga wa mbao, vipande vya waya na skrubu zilizosahauliwa kiwandani. Nikavifyonza vyote kwa mashine ya vumbi. Chini ya sinki, nati za bomba la maji machafu zilikuwa zimelegea kwa mtikisiko, na hizo hukazwa kwa mkono tu. Droo nikazitia vikomeo vidogo ili zisitoke safarini. Kwa taa ya dari nilizima kwanza umeme wa kiwanja, nikatenganisha betri, ndipo nikairudisha mahali pake.

Kasoro iliyonisumbua zaidi haikuonekana kwa macho. Trela lina tangi lake la maji na pampu ndogo ya volti 12. Ukifungua bomba, presha inashuka na pampu inawaka; ukifunga, presha inapanda na pampu inajizima. Lakini usiku wa manane, bila mtu kugusa bomba, nilikuwa naisikia: inanguruma kidogo, inanyamaza, baada ya muda inanguruma tena. Hiyo ni dalili kwamba maji yanatoka mahali. Nikachukua tochi na karatasi za chooni, nikapita kiungo kwa kiungo, nikifuta kila kimoja kwa karatasi kavu. Sinki, pakavu. Bafu, pakavu. Nyuma ya choo, pale bomba jembamba la plastiki linapoungana nacho, karatasi ikarudi na doa la maji.

Nati ilikuwa imefungwa nusu. Ndani yake mna ringi ya mpira, nayo ndiyo inayozuia maji, kwa hiyo nati hiyo haitaki nguvu za spana. Plastiki ikibanwa mno inapasuka. Niliikaza kwa vidole mpaka ikagoma, nikaongeza robo ya mzunguko. Nikakaa sakafuni kusikiliza. Pampu haikurudia. Usiku ule nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Si kila kitu nilikigusa, na ni lazima niseme hivyo wazi. Kwenye viungo vya gesi nilipaka maji ya sabuni tu, kuona kama yatatoa povu. Hayakutoa. Yangetoa, ningefunga mtungi, nikatoka nje na kumwita fundi mwenye leseni. Umeme wa volti 120 nao ni wa wenyewe. Na kila nilichotengeneza nilikipiga picha kabla na baada, nikamtumia muuzaji kwa maandishi, kwa sababu dhamana ni haki yangu niliyoilipia.

Leo mimi ni mtu mwingine. Kabla ya kila safari napita na bisibisi kwenye bawaba na kwa vidole kwenye nati za mabomba, na nikifika nakagua tena. Hofu ya kuharibu, iliyokuwa inanizuia hata kufungua kifuniko cha swichi, imeniisha. Muuguzi mwenzangu Mkenya alipotaka kununua lake, tulikwenda pamoja. Tulimwomba muuzaji aunganishe maji na umeme, tukafungua kila bomba, tukaacha pampu iwake na kunyamaza huku tukisikiliza. Bawaba mbili zilikuwa zimelegea, na zilitengenezwa palepale kabla hajatia sahihi.

Ndugu yangu unayefikiria kununua trela, usitie sahihi kabla maji hayajapita katika kila bomba mbele ya macho yako. Panga kulala ndani yake usiku wa kwanza karibu na ulikolinunua, ili kasoro zijitokeze ukiwa bado jirani na muuzaji. Weka tochi, bisibisi, gundi ya mbao na njiti ndani ya droo moja. Na wewe dada uliyezoea kushika tochi, mpe mtu mwingine tochi hiyo, ushike bisibisi. Unaweza.