Nani Alifika Kwanza?

Ukitoka Sake na kupanda kuelekea Masisi, unaona vilima vya malisho, ng'ombe, na upande wa Rubaya mashimo ya koltani. Ukiendelea magharibi njia inashuka, baridi inapungua, na msitu wa Walikale unakufunika. Huko vijana wanachimba kasiterite. Njiani mote utasikia ulizo moja: nani alifika kwanza? Ulizo hilo si mchezo. Mwaka 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea mpaka Masisi. Maelfu ya watu walikufa.

Kuna watu ambao kazi yao ni kuuliza udongo wenyewe. Ndio wanaakiolojia. Nao ni wachimbaji, lakini hawapigi mtalimbo. Wanakwangua polepole kwa mwiko na brosi, wanachekecha udongo, wanaandika kila tabaka. Wewe unatafuta jiwe. Wao wanataka kujua jiwe lililala wapi, na kando ya nini. Likiondolewa bila kuandikwa, limenyamaza milele.

Katika jimbo letu hili la Kivu ya Kaskazini walipata mengi. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Alipata mfupa wenye alama zilizokatwa kwa safu tatu, wa miaka kama 20,000. Leo uko Brussels. Karibu na hapo, Katanda, Wamarekani Alison Brooks na John Yellen walipata vyusa vya mifupa vya kuvulia kambale. Mwaka 1995 walitangaza kwamba ni vya miaka kama 90,000.

Wavuvi wale walikuwa kabila gani? Mfupa haujibu. Majina tunayogombania leo hayakuwako.

Lakini jambo moja tunalijua bila kuchimba: msituni Wambuti walitutangulia. Na mara nyingi ndio wasio na shamba! Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki zao. Basi anayejisifu kuwa wa kwanza aanze kwa kuwaheshimu hao.

Nanyi vijana, mkikuta shimoni jiwe lililochongwa au kigae cha chungu cha zamani, msikitupe wala kukiuza. Andikeni mahali na kina chake, mkamwonyeshe mwalimu.

Sisi sote, wa jana na wa juzi, tulikuta nchi iko tayari. Mwenyewe ni Mungu.