Mkono wa Baba

Baba, fundi magari, hakuwahi kununua spana ya kupimia mkazo. "Mkono wangu unajua," alisema, na kweli ulijua. Alipopata kiharusi, niliifunga mwenyewe silinda hedi ya teksi yetu, kwa mkono usiojua. Wiki moja baadaye oili ikageuka chai ya maziwa: maji yalikuwa yamepenya kwenye gasketi.

Nikanunua gasketi mpya, nikaazima spana ile. Bolti za katikati kwanza, kisha za nje, kwa awamu tatu, hadi spana ilie "ta!" Kila ilipolia, Baba aliitikia kwa kichwa. Bolti ya mwisho alitaka kuivuta mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Nilimshikia kiwiko tu.

Ta!

"Na huu sasa unajua," akasema.