Nyumba ya Kwihara

Kijana wa bodaboda alinishusha Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka Tabora mjini, akauliza: "Si unakwenda kwa Livingstone?" Huku wote husema hivyo, utadhani mzee mwenyewe yumo ndani amejipumzisha.

Kumbe nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya Waarabu wa Unyanyembe, enzi misafara ikipita hapa na pembe na watumwa. Stanley alikaa humo 1871, mwaka uleule Mirambo alipoichoma Tabora. Februari 1872 akarudi kutoka Ujiji na Livingstone. Machi akaondoka, mzee akabaki akisubiri wapagazi mpaka Agosti. Tembe la sasa, lenye kuta nene za udongo na mlango wa nakshi, lilijengwa upya baada ya lile la kwanza kuanguka.

Mimi sikuwa nimemfuata yeye. Oktoba 1873 Susi, Chuma na wenzao walifika hapa na maiti yake iliyokaushwa, kutoka Chitambo walikouzika moyo wake. Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapa, akawashauri wamzike papa hapa. Wakakataa, wakaendelea kwa miguu mpaka Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, mahali palipowahi kuwa nyumba ya watawa. Katika wale waliombeba, aliyekuwepo ni Jacob Wainwright tu. Susi na Chuma hawakuwapo. Jiwe la kaburi linasifu mikono yenye uaminifu iliyomleta. Majina ya wenye mikono, hakuna.

Hapo ndipo paliponichoma. Kwetu tunaambiwa babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani mara nyingi, begani akaota sugu. Sugu tunaikumbuka, jina limepotea. Na sisi watoto huwapa majina ya wazee. Hilo la kwake hakuna aliyerithishwa.

Jioni nilimpigia shangazi.

"Umeliona jina lake huko?"

"Hapana, shangazi. Kuna ya Wazungu tu."

Akanyamaza. Kisha akaanza kuwahesabu, kama afanyavyo siku zote: baba yangu, baba yake, babu yake… Akafika palepale anapokwamaga, akarudia tena kutoka mwanzo. Sikumkatiza. Nilikuwa nimeshika kalamu.