Gede, Darasa Lililo Msituni

Gede iko kando ya barabara kuu itokayo Mombasa, kilomita zipatazo 16 kabla ya kuufikia mji wa Malindi. Ukipinda kuelekea Watamu, magofu yamo msituni, miti imeota baina ya kuta za matumbawe. Hapa ndipo wanafunzi wa historia na akiolojia huletwa kukamilisha waliyoyaanza katika kumbi za mihadhara.

Chuoni wamekwisha kuambiwa kwamba James Kirkman alianza kuchimbua mwaka 1948, kwamba kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 Hijria, sawa na 1399 Miladia, na kwamba mji ulihamwa katika karne ya 17. Lakini kisima cha Msikiti Mkuu sharti ukiinamie. Mwanafunzi hutazama chini, akaelezwa kwamba wenyeji walikiongeza kina. Ndipo afahamupo kwa nini upungufu wa maji hutajwa miongoni mwa sababu za mji kuhamwa.

Kisha zipo nyumba. Wachimbuaji walizipa majina kwa vitu walivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Mgeni huona kuta tupu. Binti aliyelelewa Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa huona ua wa mbele, chumba kirefu, kisha vyumba vya ndani vilivyositiri watu wa nyumbani. Mpango huu anaujua kwa nyumba ya nyanya yake. Hapo mhadhiri ndiye aulizaye, na binti ndiye ajibuye.

Inasikitisha basi kwamba mabinti hao hao ndio wazuiwao nyumbani siku ya safari. Hofu ya wazazi si upuuzi, na mwenye kuicheka hajalea. Lakini penye kozi inayohesabu ripoti ya ziara katika alama, asiyekwenda hupunguziwa. Mzazi na aulize mapema, muhula unapoanza: yupo mhadhiri wa kike? Wasichana watalala wapi? Basi litasimama kwa sala? Nauli ni juu ya nani? Kwa wanaosoma Kilifi, Gede haihitaji hata kulala. Huenda asubuhi wakarudi kabla ya Magharibi.

Na mama mwenye shaka aende mwenyewe siku moja, afike mbele ya mihrabu ya Msikiti Mkuu, iliyopambwa zamani kwa bakuli za Kichina. Tangu mwaka 2024 Gede imo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.