Udongo wa Paking

Jumanne, 4 Machi. Ilala.

Leo wameanza kung'oa lami ya paking. Kiwanja ni meta za mraba 3,000. Mwenye mali anataka jengo la ghorofa, kwa hiyo mazungumzo yote ni ya nguzo na lifti. Mzee anayelinda hapa alipoitikia shikamoo yangu alinishika mkono akanipeleka kona ya nyuma. "Injinia, hapa mafundi walikuwa wanamwaga oili chafu kila siku. Na zamani, kabla ya lami, palikuwa na pampu ya petroli. Tangi sijaona likitolewa." Ramani niliyopewa haina tangi. Nimeagiza mashimo ya majaribio yachimbwe kwanza pale alipogusa kwa fimbo yake.

Ijumaa, 7 Machi.

Kikao kirefu. Msanifu amechora vitofali vya kupitisha maji uani, na mashimo mawili ya kunyonya maji ya paa. Ni mchoro mzuri. Jiji hili limesakafiwa mno, na maji yakikosa pa kuzama yote hukimbilia Mto Msimbazi. Waliokuwa Jangwani wakati wa mafuriko ya Desemba 2011 hawahitaji kuelezwa. Mahali pengine ningeupigia mchoro huo debe. Hapa, maji yakizama yatapita kwenye oili na petroli, yatazibeba na kuzishusha hadi maji ya ardhini. Mchanga wetu wa pwani hauzuii kitu. Petroli ikifika huko huelea juu ya maji na kufuata yanakoelekea, na mtaa wa pili kuna mama anayeuza maji ya kisima kwa ndoo.

Nimesema hivyo kikaoni. Mtu mmoja akauliza kisima cha jirani kinahusiana vipi na mradi wetu. Swali hilo limenikaa rohoni mpaka sasa ninapoandika. Kinahusiana kwa sababu maji ya chini hayajui ukuta wa kiwanja.

Jumatano, 12 Machi.

Tangi limeonekana, pale pale alipoonyesha mzee. Chuma kimeliwa na kutu upande wa chini. Mchanga chini yake ni wa kijivu, na harufu ya petroli ilitufikia kabla kijiko cha mtambo hakijainuka. Nimewaondoa vibarua shimoni na kupiga marufuku sigara eneo zima. Sampuli zimechukuliwa kwa kina tofauti, zimefungwa kwenye chupa za kioo na kuwekwa kwenye barafu. Petroli huruka, na chupa ikizembewa maabara itapima hewa tupu.

Alhamisi, 20 Machi.

Majibu. Chini ya tangi, petroli. Kona ya mafundi, oili pamoja na metali. Udongo wa juu, karibu kiwanja kizima, una risasi kupita kiwango cha kanuni za ubora wa udongo za 2007. Hilo la risasi halikunishangaza. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, na magari yamelala hapa tangu zamani za mbali. Oili huliwa na bakteria polepole. Risasi haiozi: ilipoanguka ndipo ilipo, hadi mtu aizoe au aifunike.

Kisima cha mama hakina petroli kwa sasa. Nilimpelekea majibu mwenyewe. Akasema, "Ahsante mwanangu, lakini mtarudi kupima?" Nimemwahidi.

Jumatano, 26 Machi.

Masika. Mvua ilinyesha usiku kucha, shimo la tangi likajaa maji yenye utando wa rangi rangi. Msimamizi alitaka kuyapampu mtaroni giza likiingia, kazi isisimame. Nimekataa. Mtaro ule unashuka Msimbazi, na Msimbazi unaishia baharini kwenye mikoko. Maji yatakaa kwenye matangi ya plastiki mpaka yaje magari ya wenye kibali.

Mchana dereva wa lori akaja kuomba udongo wetu. Ana wateja wa kifusi, watu wanaojaza viwanja vyao bondeni ili mafuriko yasiingie ndani. Hakuwa na nia mbaya. Kifusi ni biashara ya halali na udongo ukikauka hauna harufu. Lakini ungemwagwa mbele ya milango ambapo watoto wanakaa chini kucheza, na mtoto anayelamba vidole vyenye risasi anaharibika akili bila homa wala kikohozi cha kumshtua mzazi. Rundo lote sasa limelazwa juu ya nailoni nzito, limefunikwa turubai, lina mlinzi usiku na mchana.

Ijumaa, 4 Aprili.

Mchoro mpya umepita. Udongo wa tangi na wa kona ya mafundi unaondoka wote, kwa kibali cha taka hatarishi. Ule wa risasi unabaki sehemu itakayofunikwa kwa zege tu. Palipopangwa bustani unazolewa, unaletwa mwingine. Mashimo ya kunyonya maji yamefutwa. Mvua ya milimita 60 juu ya eneo hili ni lita 180,000, kwa hiyo chini ya maegesho linajengwa tangi la zege la ujazo huo, litakalotoa maji kidogo kidogo wakati mtaro wa nje una nafasi. Maji ya paa yana njia yake, yatatumika vyooni. Yale ya maegesho yatapita kwanza kwenye chemba ya kutenga mafuta, na chemba isiyosafishwa ni sanduku tupu, hivyo usafishaji nimeutaka uandikwe kwenye mkataba wa uendeshaji.

Mwenye mali amelalamikia gharama, halafu akatia saini. Kisima cha mama kinapimwa tena Juni masika yakiisha, na tena baada ya vuli. Gharama hiyo nayo imo kwenye mkataba.